Zimebaki Nafasi Mbili

Dada yangu aliingia kwenye biashara ya kuuza siti za mabasi kwa sababu ya robota la mitumba lililopotea Tunduma. Wakati huo nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo hayakunipeleka mbele, nikahamia kwake Kizwite kumsaidia kulea. Mume wake, shemeji yangu, alikuwa dereva wa lori katika shirika la umma lililokuwa likinunua mazao ya wakulima. Soko huria lilipokuja shirika likafa, shemeji akapunguzwa kazi, akateremka Kabwe, ziwani, kuendesha lori la mfanyabiashara mmoja wa samaki. Dada akabaki mjini na watoto na mitumba.

Zamani tulikuwa na basi la shirika la usafiri, lililokuja siku lilipoweza. Sasa yakaja mabasi ya watu binafsi, mengi, yaliyochakaa na kupakwa rangi upya. Watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Ila kila basi lilikuwa na meza yake stendi na vijana wake wa kupiga debe, na abiria akitokea na begi alivutwa huku na huku kama mbuzi wa mnadani. Huko Tunduma robota la dada lilipakiwa juu ya basi moja, mwenyewe akasukumwa ndani ya jingine. Alifika Sumbawanga sweta limechanika begani, na robota hatukuliona tena.

Hakulia. Alikunywa chai, akavua lile sweta, akalitazama, kisha akasema, "Mtu akinunua sukari dukani haulizwi imekuja na lori gani. Siti ya basi ina nini hata ipiganiwe?"

Baada ya siku chache alipanga chumba kimoja jirani na stendi. Wazo lake lilikuwa kuuza siti za mabasi yote mahali pamoja, na abiria achague mwenyewe. Alimpa fundi seremala kazi ya kutengeneza mbao za ukutani, kila moja imechorwa basi lilivyo ndani, na kila siti ikapigiliwa msumari. Ukilipa, unapewa kipande cha kadibodi chenye jina lako, unakitundika mwenyewe kwenye msumari wa siti unayoitaka. Akina mama wa vijijini waliokuja kuuza ulezi walipenda sana jambo hilo. Walisimama mbele ya ubao wakibishana kwa Kifipa kuhusu upande usiopigwa na jua, kisha wakatundika majina yao na kurudi nyuma kuyatazama.

Mawakala wa mezani hawakupenda. Walisema mwanamke hawezi kujua siti iliyo wazi kwenye basi ambalo halijafika, labda awe anatumia dawa. Ukweli ni kwamba bosi wa shemeji kule Kabwe alikuwa na redio ya upepo, ile ya kuongea kwa zamu, na alikuwa na nyingine dukani kwake mjini na ya tatu Mbeya. Dada alielewana naye. Watu walioshuka meli Kabwe wakawa wanashikiwa siti kabla hawajapanda gari la kuja mjini, na wa Mbeya vilevile. Mimi ndiye niliyekwenda dukani kila asubuhi kusikiliza redio na kurudi na majina.

Wenye mabasi walikubali mmoja mmoja, isipokuwa tajiri mmoja aliyekuwa na basi la Mpanda. Huyu alimpa dada siti chache za nyuma, kwa maneno tu. Na hapo ndipo yalipotokea mambo ya wazee wa Milepa.

Walikuja mzee, mkewe na binti yao mkubwa. Walikuwa wafugaji, watu wa Shinyanga waliohamia bonde la Rukwa na ng'ombe wao. Walikuwa wamepanda ukingo wa bonde kwa miguu hadi walipopata gari. Mama wa yule mzee alikuwa mgonjwa kule kwao na walitaka kuwahi treni ya Mpanda kwenda Tabora. Treni haikuwa ya kila siku. Ukiikosa unalala Mpanda hadi nyingine. Dada aliwaonyesha ubao, wakatundika kadi zao, wakaenda kulala kwa jamaa yao.

Asubuhi siti zao zilikuwa zimekaliwa. Waliokaa walikuwa wafanyabiashara wa mchele, na tiketi zao zilikuwa halali, zimekatwa na kondakta mwenyewe. Dada aliingia ndani ya basi, akaziangalia zile tiketi, akawaomba radhi wale watu, akashuka. Alimfuata tajiri kwenye gari lake dogo alipokuwa amekaa. Akamweleza taratibu kwamba wale wazee walilipa kwanza. Tajiri alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Basi ni langu." Akapandisha kioo.

Nilidhani dada atawarudishia nauli na mambo yataishia hapo, kama walivyofanya mawakala wote. Yeye alikwenda kuomba lori la samaki. Lilikuwa limeshusha mzigo na shemeji alikuwa analala ndani yake. Waliongea pembeni muda mrefu, shemeji akitikisa kichwa, kwa sababu lori halikuwa lake na njia ya Mpanda haikuwa njia yake. Mwishowe akaenda kumwamsha bosi wake, akarudi, akawasha gari. Dada alimweka mama wa Milepa na binti yake mbele, yeye na mzee wakapanda nyuma, kwenye harufu ya samaki wa migebuka, na blanketi letu la nyumbani. Ilikuwa mwezi wa saba, baridi ya Sumbawanga inayopasua midomo. Walipita pori la Katavi wakijifunika dhidi ya inzi wa ndorobo, na treni waliikuta imesimama bado.

Dada aliporudi alikuwa amevimba mikono kwa kuumwa na ndorobo. Sikumsikia akiisimulia safari hiyo kwa mtu. Aliyeisimulia ni yule mzee, maana baada ya miezi kadhaa watu wa bondeni walianza kuja ofisini kwetu, wanaume warefu wenye fimbo, na mashuka yao begani. Walikuwa wakisema tu kwamba wametumwa waje kwa mama wa lori. Basi la Mpanda likawa linaondoka na siti wazi. Tajiri akaja mwenyewe ofisini, akasimama mbele ya ubao kana kwamba anasoma gazeti, akasema misumari ya basi lake iongezwe, siti zote ziwe ubaoni. Dada akamwambia karibu.

Hiyo ndiyo ilikuwa miaka yetu mizuri. Tulifungua kidirisha Namanyere na kingine Laela. Simu za mkononi zilipofika, kazi ya redio ikaisha. Mtu alipiga akiwa shambani kwake. Kisha intaneti ikaja mjini, chumba kimoja cha kompyuta zinazokwenda polepole, na pamoja nayo akaja mwenzetu.

Alikuwa kijana wa hapahapa Sumbawanga, mtoto wa mwalimu, aliyesomea kompyuta Dar es Salaam. Alikuja akamwamkia dada shikamoo, akakaa kwenye benchi la abiria siku nzima akituangalia tunavyofanya kazi. Jioni akamweleza dada kwamba ule ubao wake ungeweza kuonekana Dar, Mwanza na kokote. Mtoto wa Mfipa aliyeko chuoni angeweza kukata siti ya kurudi nyumbani bila kumtuma mtu stendi. Dada alimuuliza maswali mengi, mengine ya kitoto kwa mtu aliyesoma, na yeye alijibu yote bila dharau. Nilimpenda kwa hilo, na sijaacha kumpenda kabisa.

Wakaunda kampuni. Kwa kuwa kompyuta na tovuti vilihitaji mtaji ambao hatukuwa nao, mwenzetu alileta wabia kutoka Dar ambao hatukuwahi kuwaona. Jina likabadilika, bango likawa na taa, mimi na wenzangu tukashonewa sare. Mbao zikatolewa ukutani na kuta zikapakwa chokaa. Mabasi ya Mbeya na Dar yote yakaingia kwenye tovuti, na nyumba za wageni zikaingia pia, maana walikuwepo Wazungu waliotaka kwenda kuona maporomoko ya Kalambo na hawakujua pa kulala. Kwa kweli tulikua. Watu walioniona nikienda na majina ya redioni mkononi sasa waliniita bosi.

Manung'uniko yalianza madogo. Mwenye nyumba ya wageni mmoja alilalamika kwamba asiyekubali masharti anawekwa mwisho wa orodha, pasipofikiwa na mtu. Abiria walisema nauli inayoonekana mwanzo si ile unayoikuta mwisho. Mwenzetu alikuwa na jibu kwa kila moja, na mara nyingi jibu lilikuwa na maana. Dada aliridhika. Hakuwa mtu wa kukaa kwenye kompyuta; yeye alibaki dirishani na wateja wake.

Ilikuwa karibu na Krismasi alipokuja mtu mmoja wa umri wa makamo, mkulima wa upande wa Laela, amevaa koti la suti na rozari shingoni. Alisubiri foleni iishe. Dada alimkaribisha, akamuuliza anakwenda wapi. Akasema haendi popote, ametoka kuzika.

Alikuwa akimuuguza baba yake hospitalini Mbeya. Mzee alikuwa na nafuu, na mdogo wa mkulima huyu alikuwa njiani kuja kupokea zamu. Yeye alitaka kurudi kupanda mahindi kabla mvua hazijampita. Alikuwa amepanga kuondoka mdogo wake akishafika. Lakini mpwa wake alikwenda kwenye intaneti kumtafutia siti, akakuta tovuti yetu imeandika kwamba zimebaki nafasi mbili tu. Kwa kuogopa msongamano wa sikukuu mkulima alikata siti ya siku iliyotangulia ile aliyopanga, akamuaga baba yake, akaondoka. Mzee alifariki usiku ule, kabla ya mdogo mtu kufika. Hapakuwa na wa kwao kitandani.

Alisimulia hayo bila kupandisha sauti. Kisha akasema, "Nilikaa dirishani. Pembeni yangu lilikaa begi langu, peke yake, kutoka Mbeya mpaka Laela. Nyuma yangu watu walilala wamejinyoosha. Nimekuja kuuliza, mama, zile nafasi mbili zilikuwa za basi gani?"

Dada alimwambia pole, akamwambia lazima kuna kosa limefanyika na atalitafuta. Mtu yule akaitikia, akavaa kofia yake, akatoka. Dada akaniambia nimfungulie tovuti. Nikafungua basi la Mbeya la kesho yake: zimebaki nafasi mbili. La kesho kutwa: zimebaki nafasi mbili. Basi la Mpanda, ambalo tulikuwa tunaliona kwa macho yetu pale stendi likiwa tupu, nalo lilikuwa limebakiza mbili. Mimi nilikuwa nimeyaona yale maneno kila siku, mekundu, chini ya kila basi, na nilidhani kompyuta inahesabu.

Mwenzetu aliporudi jioni dada alimwita ndani na hakunitoa. Alimuuliza kama yale maneno ni ya kweli.

"Ni maneno ya biashara tu, dada," alisema. "Yanamsaidia mtu aamue. Dunia nzima wanafanya hivyo."

Dada akamweleza habari ya mkulima wa Laela. Niliona kwamba ilimuuma mwenzetu. Akasema mzee angefariki hata hivyo. Dada akasema ndiyo, angefariki, mwanawe akiwa amemshika mkono. Akamtaka aondoe maneno yale kesho. Mwenzetu akasema si yeye peke yake mwenye kauli, wabia wa Dar ndio walioagiza, na tangu yawekwe siti zinajaa mapema kuliko zamani.

Kabla ya hayo kuamuliwa dada alisema twende msibani. Tulipanda gari la asubuhi, tukatembea sehemu iliyobaki, shamba kwa shamba, udongo mwekundu umeganda viatuni. Watu walikuwa bado wamekaa matanga. Dada aliomba nafasi ya kusema, wazee wakampa. Alisimama uani na kitenge chake cha kazi.

"Kampuni yangu ilimwambia mtoto wenu uongo," alisema. "Sikuuandika mimi, lakini ulitoka nyumbani kwangu. Nimekuja kuusema mbele yenu."

Shangazi wa mfiwa, bibi kizee aliyekaa karibu na jiko, akauliza kwa Kifipa huyu mwanamke ni nani, akaelezwa. Akasema basi amekuja, mpeni maji anawe ale. Tukala ugali wa ulezi na maharage. Mfiwa alikaa upande wa pili wa ua na hakutuangalia wakati wote wa chakula. Tulipoaga alitusindikiza mpaka njia kubwa, akiwa mbele yetu hatua kadhaa. Gari lilipotokea ndipo akageuka. "Ayaondoe yale maneno," alimwambia dada, kana kwamba anazungumza habari ya mtu mwingine.

Dada alijaribu. Kikao kilifanyika ofisini, wenye mabasi wakaja, wabia wa Dar wakawa kwenye simu iliyowekwa katikati ya meza. Tajiri wa basi la Mpanda, ambaye kwa miaka ile alikuwa amekuwa kama ndugu, alisema kwamba anamheshimu mama, lakini yale maneno hayajamdhuru mtu, yanamharakisha tu. Wengine wakaitikia. Sauti kwenye simu ikasema jambo hilo halina haja ya kurefushwa. Hisa za dada zilikuwa chache kuliko za wabia, na kikao kilikwisha kabla chai haijapoa.

Kwa wiki kadhaa aliendelea kukaa dirishani na kumwambia kila abiria ukweli. Mtu akija anahema, ameambiwa zimebaki mbili, dada anamwambia apumzike, basi lina nafasi tele, aje hata kesho. Wengine walimshukuru, wengine walimshangaa. Vijana wa stendi walisema maza amechanganyikiwa, anaharibu biashara yake mwenyewe. Mwenzetu alivumilia, kisha ikatoka amri kwamba kidirisha kifungwe na wateja wote watumie simu. Siku kilipopigiliwa mbao dada alikunja khanga aliyokuwa akiikalia, akawaaga watu wa stendi mmoja mmoja, wapigadebe pia, akaenda nyumbani. Baada ya hapo akauacha mji, akamfuata shemeji Kabwe.

Mimi nilibaki kazini. Nilikuwa na mtoto shuleni na kazi haikuwepo nyingine. Dada hakunilaumu; aliniambia tu nisikubali kuandika kitu nisichokiona. Kampuni ilikua. Ilifika Mwanza na Arusha, ikaunganishwa na kubwa zaidi, na mwenzetu akahamia Dar. Kila Pasaka alinipigia kunitakia heri na kuuliza hali ya dada. Baadaye ofisi ya Sumbawanga ikaonekana haina kazi, kwa kuwa kila mtu alikuwa na ofisi mfukoni, ikafungwa. Nikafungua stesheneri. Maneno mekundu yaliendelea, na watu waliyazoea. Siku hizi hata wazee wanakwambia ukiona zimebaki mbili, ujue zipo nyingi.

Kabwe dada na shemeji walijenga nyumba ya wageni karibu na ziwa, vyumba vichache, choo cha nje kisafi, chakula ukiagiza. Waliolala humo walikuwa wafanyabiashara wa dagaa, watumishi wa serikali waliokuja kikazi, na abiria waliosubiri meli. Alikataa kuingiza nyumba yake kwenye tovuti yoyote. Alisema anayetaka apige simu, ataambiwa kama kitanda kipo.

Nilikuwa huko likizo moja walipofika mtu na mkewe, Wazungu, na dereva wa kukodi kutoka Mbeya. Walikuwa wamechoka sana. Dereva alisema wageni wameshalipia chumba kinachotazama ziwa. Dada akasema hajapokea malipo ya mtu, na vyumba vyote vina watu. Yule mwanamke akamwonyesha simu. Jina lilikuwa la nyumba ya dada kweli, na chini yake picha ya nyumba ya ghorofa yenye bwawa la kuogelea na minazi, ambayo mimi na dada hatujui iko nchi gani. Ilikuwa ni ile kampuni, kwa jina lake jipya.

Dada alipiga namba yao. Akapokea binti mwenye sauti nzuri, akamuuliza yeye ni mteja au mmiliki. Dada akasema ni mmiliki, na hakuwahi kuiweka nyumba yake huko. Binti akasema labda mfumo umeiweka wenyewe, akamwomba atume maombi ya kuiondoa, na akamuuliza habari za kampuni alizisikia wapi mara ya kwanza. Dada akamwambia alizisikia zamani, Sumbawanga, akamshukuru na kukata simu.

Kisha akawageukia wale wageni. Aliniambia nihamishe vitu vyangu nilale na wajukuu wake, akawatandikia kitanda changu mashuka mapya, akamtuma shemeji akatafute migebuka. Wageni walikula na kulala. Asubuhi yule mwanamke alitoka nje akakaa ukingoni mwa maji na kikombe cha chai, akiwaangalia wanawake wakianika dagaa, na alipoaga alitaka kujua kama wanaweza kurudi mwaka unaofuata. Dada akampa namba yake ya simu na kumwambia apige kwanza.

Picha ya ghorofa ilikaa kwenye tovuti muda mrefu baada ya maombi kutumwa. Mara mojamoja anatokea mtu na begi, anasimama njiani, anatafuta bwawa. Dada anatoka, anamkaribisha, anamwonyesha ziwa.